Tulijiunga kwa ajili ya bia hai: barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu cha ale, Sheffield

Kwa: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wa kamati
Kutoka: Wanachama wa kawaida
Yah: Mambo tunayoyataka kwenye chama chetu

Mzee wetu Mwenyekiti, kaka Katibu, dada Mweka Hazina, na ninyi nyote wajumbe,

Shikamooni wale mnaostahili, na wengine salamu nyingi.

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeimaliza. Barua ya kwanza Katibu alikabidhiwa mkononi, akasema itasomwa kikaoni. Ya pili ilikwenda kwa kamati nzima. Hakuna iliyojibiwa. Mkutano mkuu uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na anayeuliza kwenye kundi la WhatsApp anaambiwa asilete siasa kwenye starehe za watu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi tunataka chama hiki kizae, ndiyo maana tunasema.

Hatuandiki kwa chuki. Mwenyekiti, wewe ndiye uliyewapeleka wengi wetu Kelham Island, mtaa wa pabu za ale hapa Sheffield, kwa mara ya kwanza, ukalipa nauli za wale waliokuwa hawajapata kazi. Hilo hatulisahau, na ndilo linalotupa imani kwamba barua hii utaisoma mpaka mwisho.

Mimi ninayeshika kalamu kwa niaba ya wenzangu nianze na sababu ya chama kuwepo, maana naona imesahaulika. Wengi tulifika Uingereza tukiijua bia ya aina moja: lager ya chupa, baridi, ladha ile ile kutoka Arusha hadi Bujumbura. Hapa tukakuta kinywaji kingine: ale, bia ya jadi ya Kiingereza. Ale ya pipa haichujwi ikamalizwa hamira, wala haipashwi moto kuua kilichomo. Hupelekwa pabu ikiwa bado hai, ikamalizia kuchachuka ndani ya pipa lile lile itakamotolewa, kisha ikapandishwa kwenye glasi kwa pampu ya mkono au kwa kufungua koki tu, bila kusukumwa na gesi ya kaboni. Wachaga waliokuwa nasi hawakuhitaji maelezo marefu. Mbege nayo hunywewa ikiwa hai. Ina kimea cha ulezi kama ale ilivyo na kimea cha shayiri, na uchungu wa gome la msesewe hufanya kazi ile ile inayofanywa na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Mbege ya jana si ya leo, na mpishi akizembea kidogo kila mnywaji atajua.

Ndipo likazaliwa wazo kwamba sisi Waafrika Mashariki wa mji huu tujifunze kinywaji hiki kwa Kiswahili chetu, tukionje kwa akili, na tukitetee. Wenyeji walishatuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza wakiwa likizoni Ireland waliona viwanda vikubwa vinaua bia ya pipa na kuleta mahali pake ya kegi, iliyokwisha kuondolewa uhai na inayosukumwa kwa gesi. Wakaanzisha harakati ambayo leo tunaijua kwa jina la CAMRA, yaani Kampeni ya Ale Halisi. Hawakuwa na kiwanda wala pabu. Walikuwa wanywaji waliokataa kunyamaza, na kama si wao huenda sisi tungekuta pampu za mkono zimebaki mapambo.

Sasa chama chetu kimefika wapi? Kimekuwa kundi la kunywa Jumamosi. Sisi tulioamua kunywa hatuna tatizo na kunywa, lakini kwa kunywa tu hatukuhitaji katiba, ada wala kamati. Hilo ndilo lalamiko letu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

1. Tunakutana mahali pamoja, na penyewe hapana ale

Kwa muda mrefu sasa vikao vyote vinafanyika pabu ile ile. Jina hatulitaji kwa sababu wenye pabu hawajatukosea, wanauza walichonacho. Walichonacho ni lager za kegi, na pampu moja ya mkono ambayo mara nyingi kibandiko chake kimegeuzwa nyuma, alama ya kuwa pipa limekwisha na jingine halijaja. Mwanachama mpya anayekuja kuijua ale anaishia kunywa kile kile alichokuwa akinywa Kinondoni au Eastleigh.

Tunajua mtakachosema: pale pana maegesho, pana skrini kubwa ya mpira, na chumba hatulipii. Ni kweli yote. Lakini jamani, tuko Sheffield! Watu hupanda treni kutoka London kuja kunywa ale mji huu. Stesheni yenyewe ina Sheffield Tap, ndani ya ukumbi wa zamani wa viburudisho vya reli uliokarabatiwa. Ukienda Kelham Island unaikuta Fat Cat, ambayo Dave Wickett na mwenzake waliifungua mwaka 1981 wakati pabu nyingi zilikuwa zimefungwa mikono na kiwanda kimoja na haziruhusiwi kuuza bia ya mwingine. Mwaka 1990 Wickett akajenga kiwanda kidogo cha bia pembeni ya pabu yake, na bia yake ya Pale Rider ikaja kutangazwa bia bingwa ya Uingereza mwaka 2004. Hatua chache kutoka hapo ipo Kelham Island Tavern, iliyochaguliwa na CAMRA kuwa pabu bora ya nchi nzima mwaka 2008 na tena 2009. Kiwanda cha Wickett kilifunga milango 2022, na Pale Rider ikanusurika kwa sababu watu wa hapa hapa waliihangaikia hadi ikaendelea kupikwa na kiwanda cha Thornbridge, mji wa Bakewell. Historia yote hiyo imefanyika mlangoni mwetu, na chama chetu chenye neno ale kwenye jina lake hakijawahi kufanya kikao kimoja kuizungumzia.

Kuhusu bei, tumesikia pia hoja kwamba ale ya pipa ni ya wenye hela. Nendeni kaunta mkasome ubao. Kwenye pabu nyingi za mji huu painti (zaidi kidogo ya nusu lita) ya bitter, ale ya kawaida ya Kiingereza, kutoka pipani ni nafuu kuliko ya kegi iliyo jirani yake. Vikao vizunguke. Mwezi huu hapa, mwezi ujao pale.

2. Hatufundishwi, na wanachama wanaumia

Hili ndilo linalowauma wengi zaidi.

Ale ya pipa ni rahisi kuharibika. Kila painti inapotoka, hewa inaingia pipani kuchukua nafasi yake, kwa hiyo pipa likishatobolewa linapaswa kuwa limekwisha ndani ya siku tatu hivi. Pipa la kawaida la galoni 9 lina painti 72, na mwenye pabu asiye na wateja wa kutosha hulivuta hadi siku ya tano au ya sita, akawauzia watu bia iliyokwisha kufa. Sela, chumba cha kuhifadhia mapipa, inatakiwa ikae nyuzi 11 hadi 13 hivi. Ikipata joto bia inaharakisha kuchacha, ikiwa baridi mno inapoteza ung'avu, inakuwa kama ina ukungu wa asubuhi, na ladha inajificha. Mabomba yasiposafishwa mara kwa mara yanaiambukiza bia nzuri. Hata painti ya kwanza ya mchana, ile iliyolala kwenye bomba usiku kucha, mwenye pabu makini huimwaga kabla ya kumhudumia mtu.

Mnywaji akiyajua haya anaweza kuikataa bia mbovu kwa adabu na kwa uhakika. Asipoyajua anakunywa siki, kisha anakwenda zake akiamini kuwa ale ndivyo ilivyo.

Na kwetu sisi jambo hili lina uzito wa peke yake. Mwenyeji akipewa painti mbovu hurudi kaunta, akasema, akabadilishiwa, mambo yakaisha. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunaogopa lafudhi yetu. Tunaogopa kuonekana wagomvi, au kuambiwa kwamba bia yao hatuijui. Nimewaona watu wazima, wauguzi na madereva wa malori wanaoheshimika makazini, wakilazimisha kinywaji chenye harufu ya siki kishuke kooni kwa sababu tu hawakuwa na maneno ya kukikataa. Walikuwa wamelipa fedha yao. Chama hiki kilipaswa kuwapa maneno hayo. Harufu ya siki ina maana vijidudu vimeingia au pipa limekaa wazi mno. Harufu ya siagi mara nyingi ina maana hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Ladha ya karatasi iliyolowa ni ya bia iliyochoshwa na hewa. Kwa upande mwingine ukungu peke yake si kosa kila mara, maana wapo wapishi wanaoiacha bia makusudi bila kuiondolea ukungu huo, na mwanachama anayerudisha bia ya namna hiyo ataaibika bure. Jioni moja ya kuonja pamoja, glasi ya bia nzima na glasi ya bia iliyokufa zikiwa mezani, ingewafundisha watu zaidi ya mwaka mzima wa vikao tulivyokuwa navyo.

Mlituambia hakuna mwalimu. Walimu wapo. Miongoni mwetu kuna waliofanya kazi kwenye sela za pabu za mji huu. Kuna dada zetu waliokulia kwenye nyumba za kupika mbege, ambao ndimi zao zinatambua uchachu kuliko mtu yeyote kwenye kamati. Tamasha la bia la kila mwaka linaloandaliwa na tawi la CAMRA la hapa huendeshwa na watu wa kujitolea, na anayejitolea hufundishwa kazi. Tulipendekeza twende kundi zima tukajitolee. Pendekezo halikupata hata jibu la hapana.

Vivyo hivyo ziara. Bakewell ni saa moja hivi kwa basi. Pale Thornbridge leo kuna seti ya mitambo ambayo mji wa bia wa Burton upon Trent ulisifika kwayo: mapipa ya mbao yaliyopangwa safu na kuunganishwa kwa mabomba, bia ikichachuka ndani, hamira ikipanda na kutiririkia kwenye mfereji wa juu huku bia ikirudi chini mapipani. Kiwanda cha Marston's kilikuwa cha mwisho kuitumia huko Burton, na mwaka 2024 kilipoamua kuiacha, seti moja ikahamishiwa Bakewell isipotee. Mtu anayependa ale angetembea kwa miguu kwenda kuiona. Fedha ya ziara yetu ya mwisho ilitupeleka ufukweni, tukanywa lager kwenye vikombe vya plastiki.

3. Pabu ya mtaani kwetu inauzwa na chama kimekaa kimya

Mnajua ninayoizungumzia. Ndiyo ile ambayo chumba chake cha nyuma tulipewa bure tulipochangishana kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda Tabora. Ale yake ya pipa ni mbili tu, lakini zinatunzwa vizuri kuliko sehemu nyingi zenye kumi. Kibao cha kuuzwa kiko ukutani. Wanachama walipouliza kamati itafanya nini, jibu lilikuwa kwamba hayo ni mambo ya wenyeji.

Sheria ya mwaka 2011 iliyoanzisha utaratibu wa kuorodhesha mali zenye thamani kwa jamii haikusema hivyo. Ilisema kwamba hata kundi lisilosajiliwa linaweza kuiomba halmashauri iiingize pabu kwenye orodha, mradi kundi liwe na watu wasiopungua 21 walioandikishwa kupiga kura eneo hilo, na lisiwe linagawana faida. Pabu ikishaorodheshwa, mwenye nayo akitaka kuuza lazima aitaarifu halmashauri. Jamii inapata wiki sita za kusema kwamba inaitaka, na ikisema hivyo uuzaji unasimama hadi miezi sita ili watu watafute fedha. Mwenye mali halazimishwi kuwauzia, lakini hawezi kuiuza usiku usiku. Tena tangu 2017 huwezi kuivunja pabu England au kuigeuza duka bila kibali cha mipango miji.

Mtasema sisi ni wageni, daftari la wapiga kura halituhusu. Linatuhusu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo kwenye Jumuiya hiyo. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawaipati haki hiyo kwa uraia wao wa kwanza, ila wale waliokwisha kuwa raia wa Uingereza wanayo. Tukijihesabu, 21 wapo na wanabaki. Wenzetu ambao makaratasi yao hayajakaa sawa hakuna atakayewasogeza mbele wala kuandika majina yao popote. Hofu yao tunaiheshimu. Lakini isitumiwe na wasio nayo kuwa kisingizio cha kutofanya kitu.

Wala hatuombi jambo la ajabu. Pabu ya Ivy House, huko Nunhead, London, iliorodheshwa mwaka 2012 na mwaka uliofuata wakazi wakaichukua wenyewe. Karibu zaidi, Gardeners Rest pale Neepsend ilinunuliwa mwaka 2017 na wananchi wa Sheffield waliochangishana hisa. Sisi watu wa harambee na vikoba tunashindwa nini kulielewa hilo? Na upande wa pili tumeona yaliyoikuta pabu ya Crooked House, Himley. Iliuzwa, tarehe 5 Agosti 2023 ikaungua, na siku mbili baadaye ilikuwa imekwisha kubomolewa. Halmashauri ililazimika kutoa amri ijengwe upya. Watu waliilia nchi nzima, lakini waliilia ikiwa imekwisha lala chini.

Maombi ya kuorodheshwa yanahitaji fomu, ramani ya eneo, na maelezo ya namna jamii inavyoitumia pabu ile. Maelezo hayo sisi tunayo kuliko mtu yeyote. Hatuelewi kwa nini kamati inaona uzito.

4. Wanawake si wapishi wa chama

Dada na mama zetu wanalipa ada sawa na wanaume. Zamu ya kuleta pilau na sambusa ni yao kila mara, na ikifika wakati wa kuchagua bia ya kuonja hakuna anayewauliza. Kwenye safari moja mjumbe wa kamati, tena mtu mzima, aliwaagizia cider tamu (pombe ya matofaa) wote bila kuwasikiliza, akisema ale ni chungu mno kwao.

Aibu hii haina msingi wowote. Mbege Kilimanjaro na busaa magharibi ya Kenya ni kazi za mikono ya wanawake. Hata England, kwa karne nyingi kabla ya viwanda, ale ilipikwa na kuuzwa majumbani na wanawake. CAMRA yenyewe ilijisahihisha, na mwaka 2019 tamasha lao kuu lilizikataa bia zenye jina au picha ya kudhalilisha wanawake. Sisi tunaanza na jambo dogo zaidi: wanawake wapewe nafasi zisizopungua mbili kwenye kamati, zamu ya chakula izunguke kwa wote, na atakayetoa kauli za dharau aambiwe papo hapo. Dada Mweka Hazina, tunajua wewe ni mwanamke pekee mezani pale. Tunajua pia hali hiyo si ya kutengenezwa na wewe.

5. Raundi, saa za vikao, na wanaotaka kuonja bila kulewa

Utaratibu wa raundi umekuwa mzigo. Watu wanane mezani maana yake painti nane, na anayekataa anaonekana mchoyo au mlokole. Ushauri wa madaktari wa nchi hii ni kutozidi yuniti 14 (vipimo vya kilevi) kwa wiki, na painti moja ya ale ya asilimia 4 ina zaidi ya yuniti mbili. Raundi ya watu wanane inamaliza wiki nzima ya mtu kwa jioni moja na inavuka. Wapo kati yetu wanaoendesha gari, wapo wenye kisukari, na wapo wanaoingia zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee.

Sheria ya vipimo inaruhusu theluthi ya painti, nusu, na tangu 2011 theluthi mbili. Kwa theluthi tatu unaonja mild, bitter na porter, umejifunza aina tatu, na umekunywa painti moja tu. Hiyo ndiyo iwe kawaida ya chama wakati wa kuonja. Kila mtu alipe yake. Wasiokunywa kabisa ila wanapenda kuja wapewe maji na soda bila kejeli. Na vikao vingine vifanyike Jumapili mchana, maana walezi na wauguzi ambao ndio sehemu kubwa ya wanachama Jumamosi usiku wako kazini. Kuwalaumu kwamba hawahudhurii, wakati saa mlizipanga wenyewe bila kuwauliza, si haki.

6. Mabondo ya samaki

Hili ni fupi. Ale nyingi husafishwa ziondoke ukungu kwa dawa inayotokana na mabondo ya samaki yaliyokaushwa, kitu cha jamii ile ile ya mabondo ya sangara yanayogombewa na wafanyabiashara Mwanza na Kisumu. Wanachama wasiokula samaki, kwa imani au kwa mzio, wana haki ya kujua kabla ya kunywa. Tunaomba anayechagua bia aulize pabu, na orodha ya bia zisizosafishwa hivyo itangazwe mapema.

7. Ada

Hatumtuhumu mtu. Tunasema tu kwamba taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa mbele yetu tangu kamati hii ishike kazi, na kwamba inasemekana pabu tunakokutana hurudisha kitu kwa chama kutokana na mauzo ya usiku ule. Kama ni kweli, kiasi gani, na kinaingia mfuko upi? Kama si kweli, semeni ili maneno yaishe. Mnafanya kazi ya kujitolea na tunawashukuru, lakini kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kuonyesha hesabu.

Tunachoomba

Mkutano mkuu uitishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii, Jumapili mchana, kwenye ukumbi usio na kaunta. Agenda zake ziwe mambo saba haya kwa mpangilio wanaoupenda wanachama, na taarifa ya fedha igawiwe kwa maandishi wiki moja kabla. Kamati ipendekeze ratiba ya mwaka yenye pabu tofauti kila mwezi, vikao vya kuonja na kufundishana, na ziara moja ya kiwanda.

Suala la pabu inayouzwa haliwezi kungoja siku 30. Tumekwisha kuijaza fomu ya halmashauri. Tunaomba Mwenyekiti aitie saini kwa jina la chama wiki hii. Asipofanya hivyo tutaipeleka kama kundi la wakazi 21, kama sheria inavyoruhusu, na tungesikitika kuifanya kazi hiyo bila jina la chama tulichokianzisha pamoja.

Mkutano usipoitishwa, katiba yetu inawapa theluthi moja ya wanachama uwezo wa kuuitisha wenyewe. Saini hizo zimekwisha kusanywa, na orodha yake imeambatishwa kwenye nakala aliyonayo Katibu. Hapa hadharani hatujaweka majina, kwa ajili ya wale ambao waajiri wao hawahitaji kujua Jumamosi zao.

Mzee Mwenyekiti, ukitaka kukaa nasi kabla ya mkutano, tuko tayari siku yoyote na mahali popote utakapopanga wewe. Namba zetu unazo.

Wenu katika chama,

Wanachama waliotia saini
Sheffield